Masika Niliyomrudisha Mgeni

9 Machi 1998, Soweto, Moshi

Mwalimu Jasoda ameniagiza niandike kila siku, hata kama siku yenyewe haina kitu. "Andika Kiswahili," akasema. "Kiingereza chako kwanza kipumzike, kimechoka." Basi naandika.

Jina langu Filemon, mtu wa Mkuu, Rombo, baba wa Evelyn na wa mwingine aliye njiani. Kazi yangu ni kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima, na siku hizi shingo yangu inalalamika kuliko mke wangu. Mwezi wa sita kuna usaili wa leseni ya uongozaji. Nikipita, nitapanda na kibegi mgongoni na kuongea na wageni. Nikishindwa, furushi linarudi kichwani. Usaili unataka mambo mawili: Kiingereza kinachoeleweka, na mwongozaji mzoefu atakayesimama mbele ya wasaili aseme huyu namfahamu, nimepanda naye. La pili halininyimi usingizi. Ninaye baba mdogo Sirili, aliyenilea tangu baba alipofariki, na hakuna asiyemjua kuanzia Mkuu hadi Tarakea.

10 Machi

Mvua.

11 Machi

Mvua. Redioni wanaiita Elinino. Mimi naiita mpangaji mwenzangu, maana imeingia chumbani na haichangii kodi.

14 Machi

Leo niseme juu ya Mwalimu Jasoda. Ni mama wa Kihindi, mzee, mdogo wa umbo, anakaa juu ya duka la vitambaa la mwanawe Ketan karibu na soko. Alifundisha Kiingereza miaka mingi sana, hata mabwana wa ofisi wanapopita mtaani humwamkia shikamoo kwa adabu kama wana deni la mazoezi. Hataki ada kwangu. Anataka kiburu, ndizi zetu zilizopikwa na maharage. Hali nyama, na siku aliyoonja kilichopikwa na Mektrida, mke wangu, akafumba macho na kusema kwamba nimeoa vizuri kuliko ninavyosoma. Kwa hiyo kila nikitoka nyumbani nabeba mkungu. Namshukuru Mungu kwa mgomba. Unanisomesha.

20 Machi

Leo tumegombana, kwa adabu lakini. Alinipa neno: "adverse". Akasema hili ni muhimu kwa mwongozaji, maana wageni hulisoma kwenye vitabu vyao na ipo siku nitatakiwa kulitumia mwenyewe. "Adverse weather conditions." Nikaliandika, nikamwuliza maana. Akasema ni hali isiyofaa, isiyo upande wako. Mvua kubwa, ukungu, theluji.

Nikamwambia, "Mwalimu, samahani, nyumbani kwetu mvua haitukanwi. Bibi alikuwa akisikia mtoto analaani mvua, anamzaba kofi. Anasema unatukana chakula chako."

"Na nani ametukana?" akauliza.

"Si umesema mvua ni mbaya?"

Akavua miwani. Akivua miwani ujue kazi imeanza. Akaniuliza mvua hii inamfaa nani. Nikasema mgomba, majani ya ng'ombe, mahindi kama haikuzidi. Haimfai nani? Nikasema aliyeanika kahawa, na anayepanda mlima. "Basi," akasema, "umelielewa kuliko wanafunzi wangu wengi. Neno hili haliiti kitu kibaya. Linasema kitu kimekuwa kinyume na kazi fulani. Kila ukilisikia, uliza: kinyume na nani, anataka kufanya nini? Mvua ni ileile. Safari ndiyo imekutana nayo vibaya."

Akanionyesha linavyotumika. Dawa inaweza kuleta madhara ya namna hiyo mwilini. Bei inaweza kwenda hivyo kwa mkulima. Lakini mtu haitwi hivyo. Huwezi kumnyooshea jirani kidole ukasema yeye ni "adverse". "Halimsemi mtu," akasema, "linasema mambo yaliyomzunguka. Ndiyo maana ni neno la heshima."

Nikauliza, na "adversity"? Akasema hiyo ni hali hiyohiyo ikishahamia nyumbani kwako na kukaa miaka. Mumewe alifariki Ketan akiwa bado ananyonya, na ndugu wote wakahamia Uingereza. Yeye akabaki na watoto wa watu wa kufundisha. Alilisema bila kujionea huruma, akaniongezea chai.

Nimerudi Soweto chini ya mvua bila kuilaani.

28 Machi

Hakuna kitu. Nimepakua marobota ya vitambaa dukani kwa Ketan.

12 Aprili, Pasaka, Mkuu

Nyumbani. Barabara ya kupandia ni matope tupu, tumesukuma gari kuliko lilivyotubeba. Evelyn ameota meno mawili ya mbele na ananiringia. Mektrida tumbo limekuwa kubwa, anasema huyu ni dume kwa anavyopiga mateke.

Baada ya misa tulikunywa mbege kwa baba mdogo Sirili. Alikuwa kwenye furaha yake. Alitusimulia tena kwamba tangu aanze kuongoza hajawahi kumrudisha mgeni kwa sababu yoyote ila mgeni mwenyewe kuzidiwa. Namna yake naijua kwa sababu ndiyo niliyofundishwa. Mgeni haambiwi baya mlimani. Akiuliza, unamjibu "no problem" na unaendelea kutembea. Na mbebaji haongei na mgeni mwongozaji akiwepo, hata akiulizwa. Anamtazama mwongozaji, na mwongozaji ndiye anajibu. Nimefanya hivyo miaka yangu yote na sikuona tabu.

Anakohoa. Mama mdogo amemchemshia majani, hataki. Anasema ni moshi wa jikoni.

Tarehe nne mwezi ujao ana mgeni mmoja, mama wa Kinorwe aitwaye Marit, wa njia ya upande wa Tarakea. Amenichukua. "Uje unyooshe miguu," akasema, "na mwezi wa sita nitakwenda na wewe Moshi nivae koti langu." Nilimwambia aika. Sijui Kiswahili kinachoshukuru vizuri kama aika.

29 Aprili

Mwalimu Jasoda amenipima maneno yote. Nimekosa manne. Amesema nimefaulu, lakini uso wake ulibaki kwenye yale manne.

4 Mei, mlimani

Tumeanza. Mvua hadi msituni, kisha mvua hadi nje ya msitu. Wabebaji wanne, mpishi, mimi, baba mdogo na mgeni. Mama Marit ni mwalimu wa shule, ana miguu mirefu na asubuhi ametuamkia wote mmoja mmoja, "shikamoo" hata kwa kijana wa mwisho. Tumecheka sana.

5 Mei

Baba mdogo anakohoa zaidi. Hakula.

6 Mei

Leo nitaandika mpaka kalamu ikatae. Tumeshateremka, tuko kwenye lile pango tulilolala jana, jua halijazama, na mikono yangu sasa inaweza kushika kitu.

Asubuhi tulitoka hapa kwenda kibanda cha juu. Kutoka hapo ndipo watu hupanda kileleni. Ukungu ulikuwa mzito, na kabla ya mchana theluji ikaanza, nyepesi. Nimeona mbaya kuliko hiyo. Wenzetu wabebaji na mpishi walitutangulia kidogo. Nilibaki nyuma na baba mdogo na mgeni, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumtazama baba mdogo.

Alikuwa anasimama. Yeye hasimami, yeye ndiye anayewasimamisha wengine. Kisha akatutoa njiani. Njia ile amepita tangu mimi niko darasa la tatu, na akakata kushoto palipo na mawe matupu. Nikamwita, akarudi. Mbele kidogo akakata tena kushoto. Nikamsogelea. Kifua chake kilikuwa kinatokota kama sufuria ya maharage iliyofunikwa, hata bila kukohoa. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Akatema mate kwenye theluji, akayafukia haraka kwa kiatu, lakini niliona yana povu na wekundu.

Tumefundishwa sote maana yake. Ni mapafu. Anayekuwa hivyo akiendelea kupanda, hashuki kwa miguu yake.

Nikamwambia kwa Kichagga, pole pole mgeni asisikie, "Baba mdogo, tuteremke."

"Beba mzigo wako."

"Unaumwa."

"Mimi? Filemoni, mimi ndiye nimekuleta huku. Mgeni ametoka kwao kuja kufika juu. Atafika juu."

Mama Marit akatufikia. Akauliza kwa Kiingereza kama mambo ni salama. Baba mdogo akanyoosha mgongo, akatabasamu na meno yote, akasema, "No problem." Na neno lenyewe likakatika katikati kwa kukosa pumzi. Mgeni akanitazama mimi.

Hapa moyo ulinienda mbio kuliko siku niliyokwenda kuposa. Nilipaswa kumtazama baba mdogo. Lakini nilijua nikisema "mwongozaji anaumwa", nimemvua nguo mbele ya mgeni wake. Mgeni atalisema hotelini, kampuni italisikia, na hakuna atakayempa mgeni tena mzee aliyeugua mlimani. Nikinyamaza, nitarudi Mkuu nimwambie mama mdogo nini?

Nikafungua mdomo. Nikasema kwa Kiingereza, taratibu, kila herufi mahali pake: "Madam, conditions are adverse. We must go down now."

Akauliza, hali ya hewa? Nikasema ndiyo, theluji. Sikugeuza macho kwa baba mdogo hata kidogo. Mgeni akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama ile theluji nyepesi iliyokuwa ikianguka kama unga wa kuchekecha. Akasema vizuri, miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi hata hivyo. Nadhani alielewa. Mungu ambariki popote atakapokuwa.

Baba mdogo aliniambia maneno ya Kichagga ambayo siyaandiki, Evelyn atakuja kujifunza kusoma. Lakini mgeni alikuwa ameshageuka, na mwongozaji hawezi kubaki juu peke yake. Nilipiga mluzi kuwarudisha wenzetu, na kabla hawajafika nikachukua begi la baba mdogo nikaliweka juu ya furushi langu. Tukateremka. Mahali penye mawe yanayoteleza nilisikia kitu kinavuta mzigo wangu kwa nyuma. Baba mdogo alikuwa ameshika kamba ya mzigo. Sikugeuka. Tulikwenda hivyo muda mrefu, mimi nikikanyaga na yeye akikanyaga nilipokanyaga. Tulipoliona pango, akaiachia.

Sasa amelala. Kifua bado kinatokota lakini si kama kule juu, na midomo imerudi rangi yake. Nimepiga magoti nyuma ya jiwe nikashukuru. Wenzangu walidhani nafunga kamba za viatu.

8 Mei, Mkuu

Tumefika chini jana. Mama Marit ametushika mikono sote, na mimi akanishika kwa mikono miwili. Baba mdogo alimuaga kwa ukarimu, hajambo kabisa, isipokuwa hakuniangalia.

Getini waongozaji wenzake waliuliza kulikoni mbona mmerudi mapema. Akasema, "Filemoni ameogopa theluji. Akamwambia mgeni turudi, mimi nikiwa nimesimama pale." Wakacheka. Mimi nikaendelea kushusha mizigo.

10 Mei

Habari imenifikia hata kwa muuza nyanya. Kijana aliyesomeshwa Kiingereza mjini sasa anapokonya wageni mikononi mwa wazee.

13 Mei

Mektrida ana hasira kuliko mimi. Leo alishindwa kujizuia. "Baba Evelyn, waambie! Waambie alikuwa anatema damu!"

"Nikisema, nani atampa mgeni tena?"

"Na wewe nani atakupa leseni? Nani atasimama mbele ya wasaili? Yeye?"

Nimezunguka kwa waongozaji wawili wengine niliowahi kupanda nao. Mmoja ana safari siku ya usaili. Wa pili alisema hawezi kusimama mahali ambapo Sirili amekataa kusimama. Hakuna anayetaka kuonekana anamdhamini mwoga.

19 Mei, Moshi

Nimemweleza Mwalimu Jasoda yote. Alisikiliza bila kuvua miwani. Mwisho akasema, "Neno umelitumia sawasawa." Nikamwambia sentensi ilikuwa nzuri lakini imenigharimu. Akasema ndiyo, hiyo hutokea kwa sentensi nzuri. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: kinyume na nani? Nikasema sikuelewa. "Hali ya sasa," akasema. "Unadhani iko kinyume na wewe peke yako?"

Nimelala nikiwaza. Mzee aliyejijua ni mwamba, mwili wake ukamgeuka mbele ya mtoto aliyemlea. Nimekuwa nikimwona anayenionea. Leo kwa mara ya kwanza nimemwona anayeogopa.

23 Mei

Mvua imepungua. Mwenye nyumba anaziba paa sasa, wakati wenyewe!

31 Mei, Pentekoste, Mkuu

Mektrida ndiye aliyelikata jani. Nimetoka misani nikamkuta amesimama mpakani mwa kihamba chetu, shamba la nyumbani, ameshika jani la isale. Akalifunga fundo, akanipa. "Nenda," akasema. "Si kwamba umekosa. Lakini ulimjibia mgeni yeye akiwepo, na hilo ni kweli. Omba radhi kwa hilo tu."

Kwetu, mtu akikuletea isale amekuja kukuomba radhi, na aliyeletewa hawezi kulikataa. Atakuwa na hasira za kufa mtu, atapokea. Lakini anayelipeleka amekiri mbele ya wote. Nilijua nikitembea nalo barabarani, kila atakayeniona atasema si unaona, mwoga amekubali mwenyewe. Waliniona. Niliona aibu, kama mtu aliyevaa suruali ya kuazima.

Baba mdogo alikuwa ameketi nje amejifunika blanketi mchana kweupe. Amekonda. Nilipiga goti. Nikasema, "Shikamoo baba mdogo. Nilisema na mgeni ukiwa umesimama. Nakuomba radhi kwa hilo."

Alilitazama jani muda. Akanyoosha mkono, akalipokea, akaliweka mapajani. "Marahaba," akasema. "Nimepokea."

Nikangoja. Akavuta blanketi hadi shingoni. Sikumwuliza habari ya mwezi wa sita, maana ningekuwa nimeuza radhi. Mama mdogo alinifungia ndizi mbivu za Evelyn, akanisindikiza hadi njia panda, akaniambia asante mwanangu, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Sina hakika kama nimepata kitu. Lakini nimerudi mwepesi, nimekula vizuri, na kwa hilo nashukuru.

7 Juni

Jua! Watu wanaanika hadi magodoro.

12 Juni, Moshi

Ketan ameweka televisheni dukani kwa ajili ya Kombe la Dunia, hakuna anayenunua kitambaa. Mimi nasoma huku wenzangu wanashangilia. Mwalimu Jasoda amenipa chai na kuniambia kwamba niende tu hata bila mdhamini, niwaambie ukweli wangu kwa Kiingereza safi, wakininyima wataninyima kwa Kiingereza safi.

17 Juni

Kesho. Nimepiga pasi shati. Mektrida ametuma kiburu, tumekula na mwalimu.

18 Juni

Wasaili walikuwa watatu mezani, tuliokuja kusailiwa tumejaa kwenye benchi nje. Nilipoitwa waliniuliza mimea, wanyama, huduma ya kwanza, njia. Nilijibu. Kiingereza kilitoka bila kukwaruza, hata mmoja akaniuliza nimesoma wapi, nikasema juu ya duka la vitambaa. Walicheka kidogo. Kisha mwenyekiti akapitisha kidole kwenye karatasi, akauliza, "Mdhamini wako ni nani?"

Nikasema, "Sina, mzee."

Akaanza kuweka kalamu chini. Mlango ukagongwa, ukafunguliwa kabla hajajibu, na baba mdogo Sirili akaingia. Alikuwa amevaa lile koti. Limekuwa kubwa kwake. Akaamkia, akavua kofia, akasimama nyuma yangu.

"Mimi ndiye mdhamini," akasema.

Mwenyekiti anamfahamu. Nani asiyemfahamu? Akasema, "Mzee Sirili, karibu. Lakini tumesikia ninyi wawili mlipishana huko juu. Kwamba huyu aliogopa."

"Mmesikia kutoka kwangu," akasema baba mdogo. "Sasa sikieni tena kutoka kwangu. Huyu hakuogopa theluji. Mapafu yangu yalijaa maji. Nilikuwa natema damu, na nilishapotea njia mara mbili na mgeni wa watu. Nilikwenda hospitali wiki ileile, daktari akaniambia ningepanda kidogo tu zaidi, wangenishusha kwenye machela nimefunikwa. Huyu aliona. Akamwambia mgeni ni hali ya hewa, ili mgeni asijue kwamba ni mimi. Nikamtangaza kila mahali kuwa ni mwoga. Hakunijibu. Akaniletea isale yeye, mimi ndiye niliyestahili kumpelekea."

Waliokuwa kwenye benchi nje walisikia yote, mlango ulikuwa wazi. Baba mdogo akatoa mfukoni leseni yake mwenyewe, ile aliyoitunza kwenye nailoni miaka yote, akaiweka mezani. "Mimi mlimani basi," akasema. "Andikeni jina lake."

Mwenyekiti aliitazama ile leseni, akamtazama mzee, akachukua kalamu.

Tulitoka nje pamoja. Jua lilikuwa kali, mlima wote umefunguka hadi juu, mweupe. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia alikwenda hospitali, kwa nini hakuniambia anakuja.

Akavaa kofia yake. "Nilikuwa nangoja unikasirikie," akasema. "Ungenitukana hata kidogo, ningepata urahisi wa kuja kukuomba radhi. Wewe ukaja na jani. Tangu siku ile sijalala."

Nikacheka, na nikicheka machozi yakanitoka, palepale barabarani, watu wanapita na mikokoteni yao. Sikuyafuta. Nikamshika mkono na kumwambia, "Aika, baba." Sikuongeza mdogo, naye hakunisahihisha.